Uzalendo si Kiu ya Damu

Msomaji wangu wa Mutuini, kama ulikuwa mwanafunzi Aprili 2015, huenda moyo wako uligawanyika. Tarehe 2, Al-Shabaab waliwaua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Siku chache baadaye ndege zetu za kivita zilishambulia kambi za kundi hilo huko Gedo, Somalia. Ulishangilia, kisha ukajiuliza: je, mabomu yatawafufua wenzetu?

Usione haya. Kuuliza si usaliti. Mmoja wa wauaji wale alikuwa Mkenya, aliyesomea sheria Chuo Kikuu cha Nairobi. Vita vya ng'ambo ya mpaka havikumzuia. Basi ililie nchi yako, waheshimu askari wake, lakini usimtwike lawama jirani yako Msomali. Naye ana nchi hii hii ya kulilia.