Nembo ya kikundi chenu ikatwe kwenye patipati

Marekani, wanachuo hutundika kwenye mti wa Krismasi mapambo yenye herufi za Kigiriki za vyama vyao. Nanyi je? Kwaya, timu ya mtaa, chama cha mliosoma pamoja: kila kikundi kinataka nembo yake ing'ae mtini. Sawa kabisa. Lakini mbona iwe plastiki mpya ya kutupwa Januari?

Tazameni Kiwayu, kisiwa cha Lamu. Mwishoni mwa miaka ya 1990, watoto wa huko walikuwa wakitengeneza vichezeo kwa patipati kuukuu zilizoletwa ufuoni na mawimbi. Mtaalamu wa bahari, Julie Church, alipoviona aliwahimiza akina mama waziokote, wazioshe na kuchonga vitu vya kuuza. Hapo ndipo ilipoanzia Ocean Sole, karakana ya Nairobi ambayo leo inauza hata mapambo ya Krismasi.

Wenyeji wengi wa Kiwayu ni Waislamu; Krismasi si sikukuu yao. Ila taka tunazotupa mijini huishia baharini, na bahari huzitapika kwenye fuo kama zao, ambako kasa hupanda kutaga mayai.

Basi kabla hamjachanga pesa za nembo, ulizeni imetengenezwa na nani, tena kwa kitu gani. Mkimpa kazi fundi wa patipati, mtu anapata riziki na ufuo unapumua. Hamna pesa? Patipati zilizokatika ziko chini ya vitanda vyenu. Kateni herufi, toboeni tundu, tieni uzi.