Tuwasindikize Wanaokwenda Muscat



Siku ya gulio pale Choma, wilayani Igunga, watu huzungumza bei ya pamba, mvua na ng'ombe. Siku hizi huzungumza pia habari za Muscat. Fulani ameondoka. Fulani yuko Dar es Salaam anasubiri visa. Fulani ametuma fedha na mama yake ameezeka bati. Fulani simu yake haipatikani tangu Kwaresima. Wanaotajwa wengi wao ni mabinti, na kazi wanayoifuata ni ya ndani: kupika, kufua, kusafisha na kulea watoto, kwa kawaida kwa mkataba wa miaka miwili.

Waamini wamegawanyika juu ya jambo hili. Wako wanaosema kwamba binti anayekwenda Uarabuni amejiuza, na wako wanaosema kwamba fedha ikishafika nyumbani hakuna la kuuliza. Sisi mafrateri tunaosoma falsafa tunafundishwa kulitazama swali kwanza kabla ya kukimbilia jibu. Swali la "aende au asiende" halitufikishi mbali. Mtu mzima ana haki ya kutafuta riziki yake mahali ilipo. Swali linalotuhusu sisi kama Kanisa ni hili: akitaka kurudi, ataweza? Na je, kuna mtu huku nyumbani atakayejua kwamba anataka kurudi?

Swali hili si geni katika nchi yetu. Choma iko kaskazini-mashariki ya Tabora, katika nchi iliyotoa wapagazi wa misafara ya karne ya 19. Wanyamwezi walikwenda pwani kwa miguu, safari ya miezi kadhaa, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi begani. Richard Burton na John Speke waliondoka pwani Juni 1857 na wakafika Kazeh, yaani Tabora, mwezi Novemba. Kijana aliyekwisha kuiona Bagamoyo na bahari alirudi kwao akihesabiwa kuwa mwanamume. Alikwenda kufanya kazi katika mji wa jua na mawimbi usio wake, kisha akarudi kulima.

Tusiwasifu kupita kiasi. Wengine walikufa njiani kwa ndui na njaa. Lakini tutazame walivyosafiri. Hawakwenda mmoja mmoja. Mbele yao alikuwapo kirangozi waliyemfahamu, mwenye kuijua njia. Waligawanyika katika kambi ndogo ndogo, wakapika pamoja na kulala pamoja. Ujira ulijadiliwa kabla ya mzigo kuinuliwa, na posho ilijulikana. Tena mpagazi aliyepunjwa aliweza kuuweka mzigo chini na kuondoka. Wazungu waliosafiri na misafara hiyo wameandika kurasa nyingi za malalamiko juu ya wapagazi waliowatoroka. Walichokiita utoro, sisi leo tunaweza kukiita haki ya kuacha kazi.

Njia ile ile ilikanyagwa pia na watumwa. Jua lilikuwa moja, vumbi lilikuwa moja, na mara nyingine hata pembe za ndovu zilizobebwa zilikuwa za tajiri mmoja. Uzito wa mzigo haukuwatofautisha mpagazi na mtumwa. Waliotofautishwa walikuwa mtu aliyepatana na mtu asiyepatana, mwenye ruhusa ya kurudi kwao na asiyekuwa nayo. Kipimo hicho kilichotumika kati ya Tabora na Bagamoyo kinafaa mpaka leo kati ya Choma na Muscat.

Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, misafara ya miguu ilikwisha, ila safari za kazi hazikwisha. Watu wa bara waliendelea kwenda pwani, safari hii kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga. Wafanyakazi wa mikataba huko walipewa namba, na kutokana na namba hizo wakaitwa manamba. Jina hilo linastahili kutafakariwa. Mpagazi alikuwa na kirangozi aliyemwita kwa jina lake. Manamba aliitwa kwa tarakimu.

Na anayekwenda Muscat leo? Wapo wanaopata mwajiri mwema, wakala vizuri, wakalipwa kwa wakati na kurudi na akiba. Si haki kuwachafua Waomani wote. Wengi wao wana damu na kumbukumbu za Zanzibar, na binti wa Tabora anaweza kufika akapokelewa kwa Kiswahili mlangoni. Lakini wema wa tajiri si sheria. Chini ya mfumo wa kafala, kibali cha kuishi cha mfanyakazi hufungamana na mwajiri wake, na akiondoka nyumbani kwake bila idhini anaweza kuhesabiwa mtoro. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa kutokana na mahojiano na wanawake 50 wa Tanzania waliofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu. Karibu wote walisema pasipoti zao zilichukuliwa na waajiri. Wengine walisema walifanya kazi hadi saa 21 kwa siku.

Oman ina kanuni nzuri kuhusu jua. Kuanzia Juni hadi Agosti, kazi za nje husimamishwa kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu alasiri, ili joto lisiwaue mafundi wa ujenzi. Lakini jikoni hakuna mkaguzi anayetazama saa. Wafanyakazi wa ndani wamekuwa chini ya kanuni za pekee, nje ya sheria ya jumla ya kazi. Ndiyo maana Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2011, uliona ni lazima kutaja mambo yanayoonekana madogo: mkataba wa maandishi kabla ya kuvuka mpaka, mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, na haki ya mfanyakazi kukaa na pasipoti yake mwenyewe.

Mafundisho ya Kanisa yanakubaliana na hayo, na yanakwenda mbali zaidi. Katika waraka wake juu ya kazi, Laborem Exercens, wa mwaka 1981, Mtakatifu Yohane Paulo II anamtambulia mtu haki ya kuiacha nchi yake kutafuta maisha bora, na pamoja nayo haki ya kurudi. Anafundisha pia kwamba kazi ni kwa ajili ya mtu. Mtu hakuumbwa kwa ajili ya kazi. Immanuel Kant alifika karibu na hapo kwa njia ya akili: mtu asifanywe kamwe kuwa chombo tu cha haja za mwingine. Wanafunzi wa falsafa huandika insha juu ya maneno hayo na kupata alama. Binti aliyenyang'anywa pasipoti anayajua bila insha.

Maandiko nayo yana mfano ulio karibu kuliko tunavyodhani. Mtume Paulo alifika Korintho, mji wenye bandari mbili, akakaa kwa Akila na Priskila, nao walikuwa wageni waliofukuzwa Roma. Walishona mahema pamoja, na Paulo alikaa mjini humo mwaka mmoja na miezi sita. Kutoka Kenkrea, bandari mojawapo ya Korintho, alisafiri mwanamke aitwaye Foibe. Katika sura ya mwisho ya Waraka kwa Warumi, Paulo anamtambulisha kwa Wakristo wa Roma na kuwaomba wampokee na kumsaidia kwa lolote atakalohitaji. Mwanamke alikuwa safarini, na Kanisa lililomtuma likaliandikia Kanisa litakalompokea.

Hapo ndipo parokia zetu zinapoweza kuanzia, na hatuhitaji mfadhili. Kwa desturi yetu mgeni hasindikizwi kwa maneno ya mlangoni tu. Tunatoka naye, tunambebea mzigo, tunafika naye mpaka njia panda.

Kwanza, binti aiage jumuiya yake. Leo wengi huondoka kimyakimya kwa sababu dalali amewaambia wasiseme, au kwa sababu wanaogopa kusemwa. Siri hiyo ni faida kwa dalali. Jumuiya ikijua jina la wakala, mji anaokwenda na tarehe ya mwisho wa mkataba, tayari ana mashahidi.

Pili, mkataba usomwe kwa Kiswahili kabla ya kutiwa saini. Katika parokia hakosekani mwalimu, karani au mwanasheria anayeweza kukaa naye jioni moja. Waulize pamoja: mshahara ni kiasi gani, siku ya mapumziko ni ipi, nauli ya kurudi ni ya nani, na je, mkataba umepita kwa TaESA? Anayeambiwa asafiri kwa visa ya matembezi ili akafanye kazi aelezwe wazi kwamba hapo pana mtego. VIWAWA ni chama cha vijana wafanyakazi. Kazi hii imeandikwa katika jina lao.

Tatu, apewe barua kama ya Foibe. Muscat kuna parokia mbili za Kikatoliki: ya Watakatifu Petro na Paulo huko Ruwi, na ya Roho Mtakatifu huko Ghala. Ziko chini ya Vikariati ya Kitume ya Arabia ya Kusini, ambayo makao yake ni Abu Dhabi. Mapumziko ya wiki huko ni Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo wengi husali Ijumaa. Binti anayeyajua hayo kabla ya kuondoka, na mwenye namba ya ubalozi wetu wa Muscat aliyoikariri kichwani, hayuko peke yake hata simu yake ikichukuliwa.

Nne, nyumbani kuwe na mtu wa kuhesabu kimya chake. Mama mmoja wa WAWATA aombwe kumtembelea bibi anayebaki na watoto, na kuuliza kila mwezi kama binti amepiga simu. Miezi miwili ikipita bila habari, paroko ajue, na ofisi ya serikali ya kijiji ijue.

Wako watakaosema kwamba tukifanya hivi tutawahamasisha vijana waondoke. Hapana. Mtu haondoki Choma kwa sababu amepewa barua ya paroko. Anaondoka kwa sababu pamba haikulipa au ada ya mtoto imeshindikana. Hayo nayo tuyashughulikie, ila kisima kikiwa bado kinachimbwa, mwenye kiu hatumwambii asubiri. Wengine watasema Kanisa si wakala wa ajira. Ni kweli, na lisiwe. Wakala hulipwa binti akiondoka. Sisi tunataka kumwona akirudi. Na anayehofu kwamba imani itapotea huko aukumbuke ukweli huu: Wamisionari wa Afrika waliingia Tabora mwaka 1878 kwa njia ya misafara, na mizigo yao ilibebwa na wapagazi. Injili ilitufikia mabegani mwa watu wa vibarua. Haiwezi leo kuwaonea haya.

Liko jambo la mwisho, na hili halihitaji hata karatasi. Anaporudi, tusihesabu masanduku yake. Wapo watakaorudi na fedha, na wapo watakaorudi na mfuko wa plastiki na usingizi uliovurugika. Huyu wa pili akichekwa gulioni, mwingine aliye katika mateso kama yake atasikia na kuamua bora afie huko kuliko kurudi mikono mitupu. Kicheko chetu kinaweza kumzuia kama pasipoti iliyofungiwa kabatini. Tarehe 8 Februari Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Yosefina Bakhita, binti wa Sudani aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, na siku hiyo linaombea waliouzwa na kusafirishwa kwa hila. Parokia inaweza kuadhimisha Misa ya siku hiyo kwa ajili ya walio ughaibuni na waliorudi, ikiwataja kwa majina.

Wahenga wa pwani walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Kazi yetu sisi tuliobaki ni kuhakikisha kwamba ngama ipo, na kwamba hakuna aliyemzibia msafiri njia ya kuirudia.