Aljebra: Tuchore Kabla ya Kubahatisha



Sisi tunaosoma sekondari asubuhi, twisheni hapa Kariakoo mchana na madrasa baada ya Alasiri, tuna neno kuhusu vigawo vya aljebra. Huko twisheni tumezoea njia moja: tafuta namba mbili ambazo ukizizidisha unapata ya mwisho, ukizijumlisha unapata ya katikati. Kwa x² + 5x + 6 ni 2 na 3, kazi imekwisha. Ukipewa x² + 10x − 39, nusu ya darasa inatafuna kalamu. Mwenzetu mmoja aliandika 3 na 36, eti jumla yake ni 39!

Hatusemi njia hiyo ni mbaya. Ubaya ni kufundishwa peke yake, bila kuambiwa inatoka wapi.

Hiyo 39 ni ya zamani. Ni mfano wa Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad zama za Khalifa al-Ma'mun (813–833). Neno al-jabr katika jina la kitabu chake ndilo lililozaa "aljebra". Hakuwa na x. Aliandika kwa maneno kwamba mraba na mizizi yake kumi ni sawa na 39. Kisha akachora.

Nawe chukua karatasi. Chora mraba ambao upande wake hujui. Ile mizizi kumi igawe nusu kwa nusu: ukanda wenye upana wa 5 ubavuni, mwingine wa 5 chini. Vyote pamoja ni 39. Kwenye kona limebaki pengo la 5 kwa 5, yaani 25. Lizibe: 39 na 25 ni 64, mraba wenye upande wa 8. Toa 5, inabaki 3. Na vigawo? (x + 5)² − 64 ni tofauti ya miraba miwili, kwa hiyo ni (x + 5 − 8)(x + 5 + 8), yaani (x − 3)(x + 13). Jibu la pili, −13, yeye hakulihesabu, maana upande wa mraba hauwi chini ya sifuri. Mtihani wetu unalitaka, msilisahau.

Wazazi wengine hutuambia hesabu ni elimu ya dunia, afadhali muda huo tuhifadhi. Kwa heshima yao, hapo hatukubaliani. Sehemu kubwa ya kitabu hicho hicho ni masuala ya wasia na mirathi, ambayo ndiyo tunayosomeshwa hapa chuoni. Tunawaomba walimu wetu, siku ya somo la mirathi, watuachie ubao kwa nusu saa. Chaki tutanunua wenyewe.