Kutu inayotoa ushahidi



Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 13, kina aya chache ambazo sisi wahubiri huzipita haraka tukikimbilia habari za Sauli na Daudi. Zinasimulia kwamba wakati huo hapakuwa na mhunzi hata mmoja katika nchi yote ya Israeli. Wafilisti walikuwa wamehakikisha hivyo, wakihofia Waebrania wasije wakajitengenezea silaha. Mkulima wa Kiisraeli aliyetaka kunoa jembe, shoka au mundu wake ilimbidi ateremke kwa adui, na alipe.

Bei yenyewe ina kisa chake. Neno la Kiebrania lililotumika hapo, pim, halipatikani mahali pengine popote katika Biblia, na kwa karne nyingi wafasiri walikisia tu maana yake. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 iliweka "tupa". Mwanzoni mwa karne ya 20 wachimbaji wa mambo ya kale huko Palestina walipata vijiwe vya mizani vilivyochorwa neno hilo hilo, vyenye uzito wa takriban gramu 7.8, yaani kama theluthi mbili za shekeli. Ndipo ikajulikana kwamba aya ilikuwa ikitaja ada ya kunoa. Taifa lililopoteza fundi wake lilikuwa likilipa fedha kwa adui ili tu jembe likate udongo.

Nimeanza na habari hiyo kwa sababu ya jambo ambalo baadhi ya waamini wangu hulicheka. Jumatatu, siku ambayo mapadre wengi tunapumzika baada ya misa za Jumapili, mimi huketi nyuma ya nyumba ya mapadre na zana kuukuu zilizoshikwa na kutu. Panga, mihoro ya kukatia majani ya migomba, patasi, randa, shoka lisilo na mpini. Nazisugua, nazinoa, nazitia mipini, kisha zinarudi kwa wenyewe au zinakwenda kwa mwenye shida nazo. Mapadre wenzangu wengine hutazama mpira wa Uingereza. Sisi tuliolelewa seminari tulikuwa na kazi za mikono kila alasiri, tukalalamika sana, na sasa naona wengi wetu tumezikimbia moja kwa moja.

Sisi watu wa Karagwe, na ndugu zetu wa Kyerwa tuliogawana nao wilaya mwaka 2012, hatuna udhuru wa kudharau chuma. Miongoni mwa alama za utawala wa wafalme wetu zilizohifadhiwa Bweranyange zilikuwamo nyundo za chuma na sanamu ndogo za ng'ombe zilizofuliwa kwa chuma. Mapokeo humhusisha na uhunzi mfalme Ndagara, baba yake Rumanyika, yule aliyewapokea akina Speke na Grant mwaka 1861. Tazameni vizuri: mfalme alijitambulisha kwa nyundo. Na kule Buhaya, Katuruka karibu na Maruku, mwanaakiolojia Peter Schmidt alichimbua mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma zenye umri wa karibu miaka 2,000. Katika miaka ya 1970 wazee wa Kihaya waliokuwa wameacha kazi hiyo kwa miaka mingi walijenga tanuri upya na kuyeyusha chuma mbele yake. Taarifa yake na Donald Avery ilichapishwa mwaka 1978 katika jarida la Science huko Marekani. Leo mjukuu wa wazee hao ananunua jembe jembamba sokoni Omurushaka, linapinda kwenye mawe msimu wa kwanza, anatupa, ananunua lingine.

Katekista mmoja, mtu msomaji sana wa Maandiko, aliwahi kunibana. Alisema: "Padri, si Bwana mwenyewe alituonya katika Mathayo sura ya 6 tusijiwekee hazina duniani, mahali ambapo nondo na kutu huharibu? Sasa wewe unahangaika na kutu kwa nini?"

Swali zuri. Lakini tusome vizuri. Bwana anazungumzia kitu kilichowekwa akiba, na kutu hupenda kilichowekwa. Jembe linaloingia shambani kila siku huwa halina kutu; udongo wenyewe unalisugua mpaka linang'aa kama sarafu. Chukua jembe hilo hilo, lilaze kwenye kona ya jiko tangu masika hadi vuli, uone. Chuma kikikutana na unyevu na hewa huungana na oksijeni kikawa kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Basi huvimba, hupasuka, hubanduka, na chini yake chuma kipya hubaki wazi kuliwa. Ndiyo maana haikomi yenyewe. Mtume Yakobo, sura ya 5, anakwenda mbali zaidi: anasema kutu ya mali ya matajiri itatoa ushahidi dhidi yao. Kutu ni shahidi kwamba kitu kilikuwapo, kilihitajika, na hakikutumika.

Kwa wanaotaka kujaribu, kazi yenyewe si ya gharama. Ondoa udongo na kutu ya juu kwa brashi ya waya. Kisha loweka chuma katika siki. Asiye na siki atumie maji ya limau, au ile pombe ya ndizi iliyochacha hadi hakuna anayeitaka, maana ikikaa wazi muda mrefu hugeuka siki. Kwa kawaida usiku mmoja hutosha. Usisahau chuma humo juma zima, kwa kuwa asidi ikimaliza kutu huanza kula chuma kizima. Suuza kwa maji ya majivu kuua ukali wa siki, futa, anika juani papo hapo, na upake mafuta kabla rangi ya chungwa haijarudi. Hurudi haraka kuliko unavyodhani. Kijana mmoja fundi wa sola amenionyesha njia ya kutumia betri na maji ya magadi: zana inafungwa upande wa hasi, kipande cha chuma kibovu upande wa chanya, na kutu inaachia. Inafaa kwa vitu vyenye pembe nyingi. Ifanyieni nje tu, kwa sababu hutoa gesi inayoshika moto.

Jambo moja naomba mniachie nilikazie. Msiitumbukize panga wala patasi motoni ili kuunguza kipande cha mpini kilichobaki ndani. Nimeona mafundi wazuri wakifanya hivyo. Chuma cha makali kilipewa ugumu wake kwa moto uliopimwa. Kikipata moto wa kuni usiopimwa hadi kikawa na rangi ya buluu, ugumu umekwenda, na utanoa kila siku bila makali kudumu. Toboa, gonga, toa polepole. Mpini mpya uwe wa mpera ukiupata. Mkaratusi unafaa, lakini uache ukauke kwanza.

Na kama bahati imewaachia nyundo ya babu mhunzi, ile nzito ya chuma cha kienyeji, hiyo msiisugue kabisa. Ipakeni mafuta kidogo, muitunze. Ina habari juu ya uso wake ambazo brashi itazifuta.

Sasa niseme lililonisukuma kuandika. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walikuwa wa mkoa wetu wa Kagera, mwaka 1983. Mimi nilikuwa mvulana mdogo. Miaka iliyofuata tulizika mpaka tukachoka kuchimba. Waliokufa wengi walikuwa na umri wa kufundisha watoto wao kazi: maseremala, waashi, wakata kahawa, washona viatu. Watoto walilelewa na bibi zao, na bibi aliweza kufundisha kulima na kusali. Randa hakuijua. Kwa hiyo katika nyumba nyingi za Karagwe na Kyerwa kuna zana zilizomaliza zaidi ya miaka 30 darini au chini ya kitanda, na katikati ya zana hizo na vijana wa leo kuna kaburi.

Mama mmoja mzee, katika kigango kimoja upande wa Kyerwa, aliniita nibariki nyumba. Uani alikuwapo mnunuzi wa vyuma chakavu na mzani wake, na mwanawe, dereva wa bodaboda, alikuwa ametoa sanduku la baba yake lipimwe kwa kilo. Mama hakukataa, alikuwa anahitaji ada ya mjukuu. Ila aliniambia kwa sauti ya chini, "Padri, vyuma hivi si vyangu. Marehemu alisema ni vya wanawe. Wanawe walikuwa wadogo." Nilimwomba kijana anipe majuma mawili. Mnunuzi hakufurahi.

Sandukuni mlikuwa na randa mbili za mti, tezo, patasi tano, keekee na msumeno. Msumeno ulikuwa umekwisha, meno yanavunjika kwa kidole. Patasi mbili kutu ilikuwa imezichimba hadi kwenye makali, hazikufaa. Vilivyobaki vilipona. Kwenye bapa la randa kubwa, kutu ilipotoka, lilijitokeza neno Sheffield, mji wa Uingereza uliosifika kwa vyuma vya makali. Na ubavu wa randa hiyo ulikuwa umelika mahali vidole vinapokaa, lakini upande usio wa kawaida. Mwenyewe alikuwa anatumia mkono wa kushoto.

Nilipomrudishia mwanawe, aliishika tu, vidole vikaingia mahali pake. Naye ni wa mkono wa kushoto; shuleni walimchapa kwa ajili hiyo, na hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba alimrithi baba yake. Alinyamaza kwa muda mrefu, nami sikuona haja ya kuhubiri. Sitawadanganya kwamba sasa ni seremala. Bado yuko na bodaboda yake. Ila mlango wa banda la mbuzi wa mama yake aliutengeneza mwenyewe, na umepinda kidogo.

Hayo ni ya nyumbani. Ya Kanisa ni mabaya zaidi, na hapa nasema na sisi wenyewe. Naijua stoo moja ya parokia, sitaitaja, ambamo mna meza za useremala, jiliwa, nyundo na misumeno kutoka darasa la ufundi lililokufa zamani, pamoja na cherehani za akina mama. Ufunguo anao mtu mmoja. Hatua chache kutoka hapo, vijana waliomaliza chuo cha ufundi wana vyeti mikononi, na hawana hata nyundo. Nadhani stoo za namna hiyo si moja, na sisemi Wakatoliki peke yetu. Ndugu zetu wa KKKT Dayosisi ya Karagwe wakague za kwao.

Mtakatifu Benedikto, katika kanuni aliyowaandikia wamonaki wake karne ya 6, aliagiza kwamba mtunza stoo avitazame vyombo vyote vya monasteri kama vyombo vitakatifu vya altareni. Anayefika Peramiho au Ndanda na kuona karakana za Wabenediktini ataelewa kwamba hakuwa anatania. Yoshua bin Sira, sura ya 38 (Waprotestanti wengi hawana kitabu hiki katika Biblia zao, waniwie radhi), anamweleza mhunzi ameketi kwenye fuawe, joto la moto linamkausha mwili, masikio yamejaa mlio wa nyundo. Anakiri kwamba mtu huyo haitwi kwenye baraza la wakubwa. Kisha anasema mji haukaliki bila watu kama hao, na kwamba sala yao imo katika kazi yao. Sisi kalisi tunaifuta kwa kitambaa cheupe kila siku. Patasi tumeifungia na panya.

Najua jibu litakalotolewa, nimekwisha kulisikia: tukiazimisha, zitapotea. Zitapotea baadhi, ndiyo. Wekeni daftari, mtu atie sahihi, jumuiya yake imdhamini. Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 6, wanafunzi wa manabii walikuwa wakikata miti kando ya Yordani, na chuma cha shoka la mmoja wao kikachomoka kikazama mtoni. Alilia, kwa sababu lilikuwa la kuazima. Elisha hakumkaripia, wala hakupiga marufuku kuazima. Aliuliza limeangukia wapi.

Kwetu halmashauri ya walei inakaa Jumamosi ijayo. Suala la stoo nimeomba liwe la kwanza katika ajenda, kabla ya harambee ya paa, na mwenye ufunguo ameahidi kuja nao.