Daktari Hajaharibika, Amebadilika Tu

Onyo kwanza: kama hujamaliza misimu miwili ya Ncuti Gatwa kwenye Doctor Who, hifadhi hii uisome baadaye, juu leo naanika kila kitu.

Sawa. Huku mtaani tumelelewa na sheria moja ya muvi: stelingi hafi. Anaweza pigwa risasi, atupwe mtoni, nyumba imwangukie, lakini mwisho anarudi na shati imeraruka, sura ni ile ile na hasira ni ile ile. Ukikaa kwa benchi kwenye kibanda cha video, DJ Afro akikutafsiria, hujiulizi stelingi ameamka mtu wa aina gani leo. Unamjua. Ndiyo maana Doctor Who huwachanganya wasee wakiianza. Hapo stelingi anakufa kabisa, halafu anaamka na sura nyingine, sauti nyingine, tabia nyingine, na bado tunaambiwa ni yeye.

Hiyo kitu haikuanza kama falsafa. Ilianza na mzee mgonjwa. William Hartnell alianza kumwigiza Daktari kwenye BBC mwaka wa 1963. Kufikia 1966 afya yake ilikuwa imezorota na watayarishaji hawakutaka kufunga kipindi. Wakaamua kwamba kiumbe wa sayari nyingine anaweza kubadilisha mwili akichoka. Akaingia Patrick Troughton, na hakuhangaika kumuiga Hartnell. Mzee mkali akageuka mtu wa mzaha na filimbi. Tangu siku hiyo kila mwigizaji huja na Daktari wake, na kila akija mashabiki wanashika kazi: mbona amebadilika?

Nadharia zao nazipenda, siwezi danganya. Chukua ya Peter Capaldi. Mwaka wa 2008 aliigiza mfanyabiashara wa Pompeii ambaye Daktari alimwokoa yeye na familia yake kutoka kwa volkano. Miaka kadhaa baadaye huyo huyo Capaldi akapewa kazi ya Daktari. Mashabiki wakakesha: mbona Daktari avae sura ya mtu aliyewahi kumwokoa? Mwaka wa 2015 kipindi chenyewe kikajibu. Aliichukua sura ile ili ajikumbushe kwamba kazi yake ni kuokoa watu. Nadharia ya aina hiyo ni tamu kwa sababu inauliza huyu mtu anataka nini.

Shida yangu ni nadharia zilizomfuata Gatwa.

Kwa wasiojua, Gatwa alizaliwa Nyamirambo, Kigali, mwaka wa 1992. Familia yake ilikimbia Rwanda wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994, akakulia Uskoti. Na Nyamirambo si mtaa mgeni kwetu hata kama hujawahi kufika. Ni mtaa wa misikiti, na Kiswahili kimeishi pale tangu enzi za mkoloni, kama tu kilivyoishi hapa Majengo. Kwa hivyo alipotokea kwenye skrini Desemba 2023 akiwa Daktari, mimi niliona kijana wa mtaa kama wetu amepewa funguo za chombo kinachopita wakati wote na anga zote.

Na huyu Daktari analia. Analia kwa huzuni, analia kwa furaha, anakumbatia watu, anacheza densi kwa kilabu akiwa na sketi. Mashabiki wakaanza. Kuna waliosema ni nusu mtu, juu badala ya David Tennant kugeuka akawa yeye, wawili hao waligawanyika, mmoja akabaki duniani kupumzika na mwingine akaenda zake. Kuna waliosema miungu walioingia kwenye hadithi ndio wanamchezea akili. Kuna waliosema ulimwengu wote anaoishi ni wa bandia na siku moja ataamka akiwa yule wa kawaida.

Yule wa kawaida ni nani? Tennant alipolia mwaka wa 2006 baada ya kumpoteza Rose, watu walisema anampenda, basi. Gatwa akilia, anakaguliwa kama simu iliyoingia maji. Stelingi akitoa machozi, mnatafuta fundi.

Angalia ile sehemu inaitwa Dot and Bubble, ya Juni 2024. Daktari anajitolea kuwaokoa vijana matajiri ambao wako karibu kuangamia. Wote ni weupe. Wanamtazama, wanaona ngozi yake, wanakataa kupanda chombo chake. Wanachagua kwenda kufa. Anawasihi, wanageuka, na anabaki hapo akicheka na kupiga kelele kama mtu aliyepasuka ndani. Sasa wewe ukimaliza kuona hiyo bado unatafuta mungu gani amemroga? Sababu imesimama mbele yako, imevaa nguo safi, inakataa mkono wake.

Halafu upande wa pili, ambao ni mgumu zaidi. Mei 2025, kwenye The Interstellar Song Contest, huyu huyu mpole anamshika kijana mmoja aliyetaka kuua mamilioni kwa mamilioni ya watu. Mpango umeshazimwa. Hatari imeisha. Lakini Daktari anaendelea kumtesa kwa umeme, na Belinda, msafiri mwenzake, anaona upande wake ambao hakuujua. Mashabiki wakalipuka: huyo si yeye!

Mimi nasema ni yeye. Hartnell, kwenye hadithi ya kwanza kabisa, aliokota jiwe akitaka kummaliza mtu aliyejeruhiwa, hadi akashikwa mkono. Colin Baker alimkaba mwenzake shingo mwaka wa 1984. Huo ukatili umekuwa ndani ya Daktari muda wote. Ukisema Gatwa akilia si yeye, na akitesa pia si yeye, basi umemnyang'anya vyote viwili. Wema wake si wake, na ubaya wake hana wa kuulizwa. Mtu wa hivyo si stelingi, ni kikaragosi.

Najua mtaniambia waandishi waliharakisha. Hapo nawapa. Misimu yake ilikuwa na sehemu nane nane tu, na safari ya kutoka kwa machozi hadi kwa umeme ilihitaji nafasi zaidi. Lakini kulaumu mwandishi kwa kukimbiza hadithi ni kitu kingine. Kusema mhusika amebadilishwa na mkono usioonekana ni kumkataa.

Na hii tabia mnaijua, juu tunaifanyia watu wa kweli. Huku Majengo neno "amebadilika" si habari, ni mashtaka. Kijana akianza kunyamaza, amejiona. Akianza kulia, ni dawa za kulevya. Akiacha genge lake, kuna mwanamke amemkalia. Mimi nilipoacha chuo mwaka wa pili nilizikuta nadharia zimeshapikwa, zimeiva, zimepakuliwa: bangi, kamari, mkono wa mtu. Jirani mmoja hata alikuwa na jina la mganga. Ukweli ulikuwa rahisi na hauna utamu. Nilikuwa nalala saa tisa usiku nikihariri video, darasani nakaa kama mgeni, na karo ilikuwa inaliwa kutoka kwa mfuko ambao hauna kitu. Katika watu wote, ni nyanya peke yake aliyeniuliza, "Sasa mjukuu wangu, wewe unataka nini?" Hakunisifu na hakunitetea. Aliuliza tu, na ilibidi nimpe jibu la maana, juu sikuwa na mchawi wa kumsingizia.

Hilo swali ndilo linafanya nadharia ya Capaldi iwe nzuri na nyingi za Gatwa ziwe porojo. Ukimuuliza mtu anataka nini, unamchukulia kama mtu. Anaweza kukujibu, na anaweza kulaumiwa kwa jibu lake. Ukiuliza nani amemfanya hivi, umeshamtoa kwenye mazungumzo.

Gatwa aliondoka tarehe 31 Mei 2025. Daktari wake alitoa uhai wake ili mtoto mmoja anayeitwa Poppy arudi kuwepo, na kwenye mwanga wa mwisho ikatokea sura ya Billie Piper, ambaye ni Rose yule yule aliyeliliwa na Tennant. Nadharia zimefufuka zote. Nileteeni, nazisoma mpaka usiku. Ila ile itakayoanza na "huyo si yeye" naipita bila kusimama, kama matatu iliyojaa.