Mpaka Ndege Ianguke Ndipo Kijana Afundishwe Uokoaji?



Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilitumbukia Ziwa Victoria, jirani kabisa na uwanja wa Bukoba. Ndani walikuwamo watu 43, wakafa 19. Wavuvi na mitumbwi yao walikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kuwafikia. Mmoja wao, kijana Majaliwa Jackson, alisifiwa nchi nzima. Rais akaagiza aingizwe Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, akapelekwa mafunzoni. Hongera zake, alistahili.

Lakini hebu tuulizane. Kama kijana wa mwaloni alikuwa na moyo wa kazi hiyo siku zote, kwa nini ilibidi ndege ianguke ndipo afunguliwe mlango?

Ukitaka uuguzi, unaomba chuo. Ukitaka ufundi umeme, VETA ipo. Ukitaka zimamoto? Kaa usubiri tangazo la ajira. Wakija kutangaza, mnaomba utitiri, wanachukua wachache, na hao wachache ndio wanaopelekwa chuo cha Jeshi kule Chogo, Handeni. Yaani ajira kwanza, elimu baadaye. Ukikosa ajira, na elimu umeikosa.

Watatuambia, "Hili ni jeshi." Sawa, jeshi libaki jeshi. Ila kuzuia moto si kazi ya wenye sare peke yao. Soko linahitaji mtu aliyesomea. Kiwanda, hospitali, hoteli, shule ya bweni, vivyo hivyo. Mtu anayejua kwamba moto unaishi kwa vitu vitatu, joto, hewa na kitu cha kuungua, na ukiunyima kimoja unakufa. Anayejua kwamba mafuta yakishika moto jikoni unafunika, humwagi maji. Anayeingia bwenini, anaona nondo madirishani, mlango mmoja na kufuli kwa nje, anasema: hapa watoto hawalali leo!

Hatuongei nadharia. Shauritanga, 1994: mabinti zaidi ya 40 waliteketea bwenini. Byamungu, Kyerwa, Septemba 2020: watoto 10, tena bwenini. Msamvu, Morogoro, Agosti 2019: lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota petroli, zaidi ya 100 wakafa. Soko la Kariakoo, Julai 2021. Soko la Karume, Januari 2022. Kila mara tunapewa rambirambi, tume na ahadi.

Kwenye kukusanya pesa, hapo wako chapchap. Mkaguzi anafika dukani, unalipia ukaguzi, unanunua mtungi, unautundika ukutani. Sasa mwulize mwenye duka kama anajua pini inavutwaje, au mtungi ule ni wa moto wa aina gani. Wengi watakuambia ukweli: hatujawahi kufundishwa. Huo ni ushuru uliovaa kofia ya zimamoto, usalama uko wapi?

Na tuache tabia ya kuwatukana askari kwamba "wamekuja bila maji". Gari moja likihudumia wilaya nzima, barabara mbovu, bomba la kujazia maji halipo mtaani, askari afanye muujiza gani? Hasira zetu ziende kwa wanaopanga bajeti, waliokaa Ikulu tangu uhuru.

Tunachodai kiko wazi. Kwanza, kozi za cheti na diploma za kinga ya moto na uokoaji, kijana aombe mwenyewe kama anavyoomba chuo kingine chochote, bila kusubiri tangazo la ajira. Pili, zifundishwe mikoani kwenye vyuo vya ufundi tulivyonavyo. Tatu, kila soko kubwa na kila shule ya bweni iwe na mtu mmoja aliyehitimu, kwa mshahara. Nne, sehemu ya pesa za ukaguzi ilipie mafunzo hayo.

Kuna vijana wamekaa vijiweni na vyeti vya kidato cha nne, na kuna mabweni yanalala bila mlinzi wa moto. Kuwakutanisha hawa wawili kunahitaji chuo na utashi tu.

Kamanda, mkutano ujao wa mtaa wako simama, muulize diwani swali moja: shule ya bweni iliyo kwenye kata yetu, nani pale amesomea moto? Akikosa jibu, andika jina la shule hapo chini. Tutakwenda nalo mpaka halmashauri.