Kopo Lilibebwa Kichwani

Kuna watu mtandaoni wanaofungua makopo ya chakula cha askari wa vita vya zamani. Wanayanusa, wanaonja mbele ya kamera, nasi tunatazama. Mimi pia hutazama. Kinachonikera ni hadithi inayoambatana nayo, kwamba kopo lilishinda vita. Mfaransa Nicolas Appert alizawadiwa faranga 12,000 mwaka 1810 kwa kuhifadhi chakula katika chupa zilizozibwa na kuchemshwa, Waingereza wakaacha chupa wakatumia bati, na tangu hapo, tunaambiwa, jeshi likawa linatembea na jiko lake.

Likitembea kwa miguu ya nani? Hapo hadithi hukatwa. Katika Afrika Mashariki, kati ya 1914 na 1918, miguu ilikuwa ya babu zetu.

Mbung'o waliua farasi, nyumbu na ng'ombe wa jeshi la Uingereza, mvua zikageuza njia kuwa tope, basi masanduku ya nyama ya kopo na biskuti ngumu za askari wa Kizungu yakapandishwa vichwani mwa watu. Waingereza peke yao walikusanya wapagazi wapatao milioni moja, wengi kwa nguvu. Idadi inayotajwa sana ya waliokufa ni zaidi ya 95,000, na wachache tu kati yao waliuawa kwa risasi.

Wapagazi walikula unga wa mahindi, kama kilo moja kwa siku pale mgao ulipokamilika. Unga wenyewe ulikuwa wa chengachenga, unaotaka moto wa muda mrefu. Sasa umetembea tangu alfajiri na kilo 25 kichwani, umefika kambini giza limeingia, kuni zimelowa, sufuria mnaigombania. Ugali gani utaiva? Tena wengine walitoka nchi za ndizi au mtama, hawajawahi kuusonga. Wakaula mbichi, wakaharisha damu, wakafia njiani.

Piga hesabu mwenyewe. Mtu anayekwenda siku kumi na kurudi siku kumi, akila kilo moja kila siku, amemaliza kilo 20 za mzigo wake wa 25. Jawabu rahisi la makamanda likawa kupunguza posho ya mbebaji.

Najua nitakachoambiwa: hata Wazungu walilala njaa. Kweli, mwaka 1916 askari wa Afrika Kusini walidhoofu kwa njaa na malaria. Lakini maelfu yao walirudishwa kwao. Wapagazi walipopungua, mwaka 1917, nchi ambayo leo ni Kenya ilifanyiwa msako wa kukamata wengine. Wapo pia watakaosema Mwafrika hakuizoea nyama ya kopo. Na ugali usioiva aliuzoea nani?

Neno posho limebaki midomoni mwetu. Dar es Salaam ni pesa za kikao, watu huligombania hotelini wakiwa na tai shingoni. Kampala ni ugali wenyewe. Kariakoo nayo imebaki, jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi lililosagwa na ndimi zetu, na Nairobi wana Kariokor yao. Tunanunua viatu na vitenge humo bila kuuliza. Kule Uruguay, kiwanda cha Fray Bentos, kilichojulikana kwa nyama ya kopo iliyolisha majeshi, kiliingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2015. Sina ugomvi na Uruguay. Nataka tu video hizo zionyeshe na kichwa kilichobeba sanduku.

Zionyeshe na daftari la mishahara. Maelfu ya wapagazi walikufa kabla ya kulipwa, na jamaa zao hawakupewa kitu. Baada ya vita serikali za kikoloni zenyewe ziliomba pesa hizo zirudi zilikotoka watu. London ikakataa.